Mtoto wa mashoto: ahamishwe mkono au aachwe?

MamaZai: Wadau naomba ushauri. Mwanangu yupo chekechea, anaandika kwa kushoto. Mwalimu anamnyang'anya penseli anaihamishia kulia. Juzi kaniambia eti lugha ipo ubongo wa kushoto na mkono wa kulia ndio unaouamsha, hivyo asipobadilika atachelewa kusoma. Kweli hii?

FundiRedio: Mwalimu kasikia nusu. Ubongo wa kushoto kuongoza mkono wa kulia, sawa. Lugha kuwa kushoto kwa walio wengi, sawa pia, daktari Broca wa Ufaransa alianza kuifuata njia hiyo 1861 baada ya kumpasua marehemu aliyekuwa amebakiwa na neno moja tu, "tan", na 1865 akasema wazi kuwa ni upande wa kushoto. Ila mashoto si shati lililogeuzwa! Kama 7 kati ya 10 lugha yao ipo kushoto vilevile. Penseli haiwashi kitu.

MzeeWaPangani: Ubongo sijui, najua adabu. Mimi sipokei chapati kwa mkono wa kushoto, hata iwe na samli. Kulia ni mkono wa kulia chakula, jina lenyewe linasema. Na huo mwingine wazee waliuita mkono wa kike.

BiShoto: Wa kike! Na hiyo chapati ilisukumwa na mkono gani? Nina miaka 41. Darasa la kwanza nilifungwa mkono kwa kanga hadi kengele ya saa nne. Leo naandika kwa kulia, mwandiko kama kuku kapita kwenye unga, na vitunguu nakata kwa kushoto. Adabu sikufunzwa. Nilifunzwa kujikojolea nikiiona chaki.

MzeeWaPangani: Pole binti, sikutukana. Kuume na kuke ni majina ya pande, yapo kabla yangu.

Dogo_Kibaha: Mzee, sabuni nayo ipo siku hizi 😂

MzeeWaPangani: Sabuni haioshi mazoea, kijana. Na usinichekee.

FundiRedio: Tumehama jamani, mama kauliza ubongo. Mfalme George wa 6 wa Uingereza alihamishwa mkono utotoni, akawa na kigugumizi.

Dogo_Kibaha: Acha kumtisha mama wa watu. Kuwa na vyote viwili si kusema kimoja kilizaa kingine. Baba yangu alihamishwa kwa fimbo, na kwenye vikao vya harusi hanyang'anyiki maiki.

FundiRedio: Sijasema kilizaa. Soma vizuri.

Dogo_Kibaha: Umeiweka hapo kama pambo?

MzeeWaPangani: BiShoto, bila hasira: mgeni akija unampa maji kwa mkono gani?

BiShoto: Kwa yote miwili, mzee. Karibu.

MzeeWaPangani: Hapo umenishinda.

MamaZai: Asanteni. Sasa kesho saa mbili nipo na mwalimu, nimwambieje?

MzeeWaPangani: Kwanza tuambie, mtoto uji anakunywa kwa upi?