Naomba ushauri: kuamka alfajiri kumenishinda

Wakuu, habari za muda huu. Naishi Chanika, kibarua changu kiko Kariakoo, na saa 1:30 asubuhi natakiwa niwe nimeshafungua duka la watu. Maana yake saa 10:30 alfajiri niwe macho, saa 11 niko kituoni. Nikichelewa hapo, foleni inanimaliza.

Tatizo kengele ya simu ikilia naizima huku nimelala, hata sikumbuki. Nikaiweka simu juu ya kabati. Nikaamka, nikaizima, nikarudi kitandani nayo mkononi. Adhana naisikia kwa mbali kama ndoto. Juzi nimeshtuka saa 12:40, bosi akanikata hela ya nusu siku.

Najua mtasema nilale mapema. Nafika nyumbani saa 3 usiku, nikioga na kula ni saa 4, halafu nashika simu "dakika tano tu" mpaka saa 6. Hapo nakiri kosa ni langu.

Mliokuwa kama mimi mkabadilika, mlianzia wapi: kubana usiku au kujilazimisha asubuhi? Na Jumapili mnaamka saa ngapi? Mimi nafidia mpaka saa 5, nahisi ndiyo inaniharibia Jumatatu.