Rimu na matairi ya theluji ya X-Trail ya zamani: je, yanaweza kufungwa kwenye RAV4?

Mama Viazi, Uyole

Habari za majukumu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa matairi na rimu, maana mafundi wawili niliowauliza hapa Uyole wamenipa majibu yanayopingana, nami sitaki kununua kitu ambacho tayari ninacho ndani.

Nilikuwa na Nissan X-Trail ya mwaka 2004, ile ya T30, ambayo giaboksi yake imekufa na nimeamua kuiuza kama spea. Ilipofika kutoka Japani ilikuwa imevaa rimu za aloi za inchi 16 zenye matairi ya theluji ya kipimo cha 215/65R16, na ubavuni yameandikwa STUDLESS, yaani ya theluji yasiyo na misumari. Niliyatumia miezi michache tu, kisha nikapata rimu za chuma zenye matairi ya kawaida, na ile seti ya kwanza nikaiweka stoo chini ya turubai, kando ya magunia ya mbegu. Kashata zake, yaani vile vitofali vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado ni ndefu, na kwa macho yangu yanaonekana kama mapya.

Sasa nina Toyota RAV4 ya mwaka 2008, ile ambayo wengi huiita Miss Tanzania. Inatumia matairi ya 225/65R17, na yaliyopo yamekwisha kuwa kipara. Fundi wa kwanza anasema matundu ni matano na yanalingana, kwa hiyo nifunge niondoke. Wa pili anasema vitu vya Nissan havikai kwenye Toyota. Ninalima viazi Kikondo, hivyo mara tatu kwa wiki napanda njia ya Isyonje kuelekea Kitulo, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani hadi jua lichomoze. Ndiyo maana nikafikiri kwamba matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi yangenifaa. Mara moja kwa mwezi nashuka Kyela kuwaona wazazi.

Fundi Magurudumu, Mafinga

Shikamoo, Mama. Mafundi wako wote wawili wameona upande mmoja mmoja. Naomba nitenganishe rimu na matairi, maana ukiyauliza kwa pamoja utapata jibu la mkanganyiko.

Nianze na rimu. X-Trail T30 na RAV4 yako zote zina boliti tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo rimu itaingia bila kulazimishwa, na hapo ndipo fundi wa kwanza alipoishia. Tofauti imo kwenye tundu la katikati. Rimu ya X-Trail ina tundu la milimita 66.1, wakati kitovu cha habu ya RAV4 (sehemu ya gari ambayo rimu hufungiwa) ni milimita 60.1. Inabaki nafasi ya milimita 3 kuzunguka pande zote, na rimu inaning'inia kwenye nati badala ya kukalia habu. Ukifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa usukani unaanza kutetemeka, unarudi kubalansi, unatetemeka tena, unarudi tena, na kila mara fundi anaongeza vyuma vidogo vya balansi huku ugonjwa uko kwingine kabisa. (Ingekuwa kinyume, yaani rimu za RAV4 kwenda X-Trail, zisingeingia hata kwa nyundo.)

Dawa yake ni ringi ya kuziba nafasi hiyo, yenye kipenyo cha nje cha milimita 66.1 na cha ndani 60.1. Zipo za plastiki na zipo za aluminiamu. Kwa mtu anayeteremka kutoka Isyonje kupitia Tukuyu hadi Kyela, mteremko mrefu ambao breki hupata moto sana, mimi nisingempa ya plastiki. Hapo Mbeya mjini mafundi kereza wapo. Mpelekee rimu moja, apime habu mwenyewe kwa venia (kifaa cha kupimia vipenyo), asitegemee namba nilizoziandika hapa, kisha akukerezee nne.

Jambo la pili ni nati, na hili ndilo linaloua watu. Boliti za Nissan na za Toyota zote zina unene wa milimita 12, lakini meno yake hayafanani: umbali kati ya jino na jino kwa Nissan ni milimita 1.25 na kwa Toyota ni 1.5. Nati zilizokuja na rimu zako za zamani usizilete kabisa karibu na RAV4. Tena hata nati za RAV4 yenyewe, kama gari lako limevaa rimu zake za aloi za kiwandani, huenda ni zile zenye shingo ndefu na washa bapa, ambazo hukaa kwenye kikalio bapa. Rimu ya Nissan inataka nati yenye mdomo wa koni. Kwa hiyo unanunua nati 20 mpya, za koni, meno 1.5. Ni gharama ndogo ukilinganisha na gharama ya gurudumu kukupita barabarani.

Kabla ya kununua chochote, fungeni rimu moja ya mbele bila tairi, izungusheni kwa mkono, mwone kama haigusi breki. Halafu tazameni ndani ya rimu palipogongwa herufi ET na namba (ni milimita ambazo uso wa rimu unaokalia habu umetoka katikati ya upana wake), mlinganishe na ile ya rimu ya Toyota. Ikitofautiana kwa milimita chache hakuna neno. Ikitofautiana sana, tairi litaingia ndani likakwangua shokapu au litatoka nje ya madigadi.

Kuhusu matairi yenyewe, nitajie namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT, zinazoonyesha yalitengenezwa lini, ndipo nitasema.

Dereva wa Makete

Mimi nitatofautiana kidogo na wanaoyadharau matairi ya theluji. Nimeendesha Matamba, Kitulo hadi Makete mjini kwa misimu miwili nikiwa na matairi ya namna hiyo kwenye Subaru Forester, na asubuhi ya Julai, wakati tairi la kawaida limekuwa gumu kama gogo, haya yanashika barabara vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwenye vumbi jepesi na ardhi mbichi sikuwa na malalamiko. Kama ni ya bure na yapo stoo, kwa nini yasitumike mpaka yaishe?

Aliyesoma Sapporo

Kaka wa Makete, unachosema kuhusu asubuhi ya baridi ni kweli, lakini kina mipaka yake. Niliishi Sapporo, mji wa kisiwa cha Hokkaido kule Japani, miaka mitatu, na huko Hokkaido karibu kila mwenye gari ana seti mbili kamili za magurudumu: ya kiangazi, na ya majira ya baridi ikiwa kwenye rimu zake, ili kubadilisha kuwe kazi ya jeki na spana tu. Ndiyo sababu gari lililouzwa katikati ya majira ya baridi hutufikia huku limevaa studless.

Mpira wa tairi hilo umechanganywa ili ubaki laini chini ya nyuzijoto 7 hivi. Ukitazama kashata zake kwa karibu utaona kila tofali limechanjwa vijikato vyembamba kama vya wembe; hivyo ndivyo vinavyong'ata theluji na kunyonya ule utando wa maji ulio juu ya barafu. Sasa chukua tofali hilo laini, lililochanjwachanjwa, uliweke kwenye lami ya Kyela saa nane mchana. Kila unapokanyaga breki linalala upande, gari linachelewa kusimama, na mpira unalika kama kifutio cha penseli. Kwenye lami yenye maji mengi ni vilevile, na Wajapani wenyewe huonyana wasiyatumie kiangazi. Rungwe mvua zetu mnazijua.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Ndani ya mifereji ya tairi la studless, mbali na alama ya kawaida ya milimita 1.6, kuna kituta cha pili kirefu zaidi, ambacho tairi likilika nusu hujitokeza usawa wa kashata. Kikijitokeza, tairi hilo halihesabiwi tena kuwa la theluji. Austria nao sheria yao inadai tairi la theluji la kawaida liwe na kashata zisizopungua milimita 4. Hivyo hata kule lilikotengenezewa, tairi hili hustaafishwa mapema, na lile la bure mara nyingi lilikwisha kustaafu kabla halijapanda meli.

Kijana wa Makambako

Shikamooni. Naomba niongezee kwenye hoja ya nati. Mwaka juzi kaka yangu alifunga rimu za Nissan kwenye Toyota Noah, akatumia na nati zake. Zilianza kuingia kwa vidole mizunguko miwili, zikagoma, na kijana wa gereji akazimalizia kwa kukanyagia spana kwa mguu, huku sote tukidhani kwamba ni kutu. Tulipofika karibu na Igawa tukasikia mlio wa tok, tok, tok upande wa nyuma kushoto. Tuliposimama, nati tatu zilikuwa zimetoka, mbili zilizobaki zinazunguka ovyo, na matundu ya rimu yamepanuka yakawa na umbo la yai. Boliti zote tano zilibadilishwa, pamoja na rimu yenyewe. Nati ikigoma kuingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho, hiyo siyo ya gari lako.

Mama Viazi, Uyole

Marahaba, wanangu, na asanteni wote. Nimeyatoa matairi stoo leo asubuhi nikayafuta vumbi. Namba nilizozikuta ni 3811 kwenye matatu, na moja ni 4011. Nilipobonyeza kashata kwa ukucha hazikubonyea kama mlivyosema kuhusu mpira laini, ni ngumu. Nilipolikunja tairi moja kwa goti, pale ubavu unapokutana na rimu, ikafunguka mistari mingi myembamba ambayo likisimama peke yake haionekani.

Rimu hazijapinda. Ndani zimeandikwa 16x6.5J na ET45.

Fundi Magurudumu, Mafinga

Basi, Mama, matairi yamejijibu yenyewe. 3811 ni wiki ya 38 ya mwaka 2011. Kashata zimebaki ndefu kwa sababu hayakutembea, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala, na ule ulaini ambao ungekufaa Kikondo umekwisha kukauka. Mistari uliyoiona kwenye ubavu ndipo tairi linapopasukia likiwa limebeba mzigo. Yasingekuwa na nyufa, bado ningekataa kwa sababu ya kimo: 215/65R16 lina kipenyo cha milimita 686 hivi, na 225/65R17 lako lina milimita 724. Gari lingeshuka karibu sentimita 2 kutoka ardhini, jambo ambalo kwenye mawe ya Kikondo ungelijutia, na spidi mita ingesoma 80 wakati unakwenda 76.

Rimu ni nzuri, tuzitumie. Tafuta matairi manne ya 225/70R16. Kipenyo chake ni milimita 721, tofauti isiyofika nusu ya asilimia, na rimu ya upana wa inchi 6.5 inalibeba bila shida. Faida ni kwamba spea yako ya inchi 17 iliyo kwenye mlango wa nyuma itaendelea kufaa kwa safari fupi ya kukufikisha kwa fundi. Ukikuta 215/70R16 pia linafungika, ila ni fupi zaidi, na hapo spea hiyo usiitegemee, hasa kama gari lako ni la kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu tairi moja likizidi mengine kimo difu ndiyo inayoumia. Yote manne yawe ya aina moja na kashata moja. Kwa njia zako chagua yenye alama ya M+S (matope na theluji) na kashata za wastani, siyo zile za matope matupu zinazonguruma kwenye lami.

Kubalansi kufanyike kukiwa na ringi mkononi, siyo baadaye. Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota gari likiwa bado limeinuliwa kidogo, kisha zimaliziwe kwa spana ya kipimo kwenye nyutoni mita 103, na baada ya kilomita 100 zirudiwe. Safari ya kwanza ya Kikondo na kurudi inatosha kuwa jaribio.

Dereva wa Makete

Nakubali. Yangu yalikuwa na miaka minne tu tangu yatengenezwe, na sikuwahi kushuka nayo bondeni. Ila nasikitika kuona kashata ndefu namna ile zikitupwa.

Mama Viazi, Uyole

Hazitatupwa, baba. Nimeongea na fundi kereza, amepima habu kwa venia akapata 60 na ushei, na ringi za aluminiamu nitazichukua Alhamisi. Matairi ya 225/70R16 nimeahidiwa kuletewa wiki ijayo, na nati 20 za koni tayari ziko kwenye dashibodi. Nilizijaribu moja moja kwa vidole kwenye boliti, na zote zimeingia hadi mwisho.

Yale ya theluji, mawili yatakwenda kwenye mkokoteni wa ng'ombe kule shambani, ambao kwa sasa unatembelea matairi yaliyotoka nyuzi. Mwendo wa ng'ombe sidhani kama utayapasua, na rimu zile za chuma za X-Trail ndizo zitakazoyabeba. Mawili yaliyobaki, kama kuna mwenye mkokoteni maeneo ya Kikondo au Isyonje, aseme.