Kaka anataka mwanawe wa darasa la pili asome mbalamwezi tu, giza likiingia arudi kambini kuanika dagaa. Nimwambieje?

Shangazi wa Mwaloni:
Wakuu, habari zenu. Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mzigo wangu unatoka visiwani. Kaka yangu ana mitumbwi kwenye kambi ya wavuvi upande wa kisiwa cha Ukara. Mwanawe ana miaka minane, yuko la pili, anakaa kwa bibi yake kijijini ili asome.

Sasa kaka anamtaka kambini. Anasema giza linapoingia, yaani zile wiki za usiku usio na mbalamwezi, dagaa ni wengi na waanikaji hawatoshi, basi mtoto akasaidie. Mbalamwezi ikiwaka na mitumbwi ikipumzika, arudi kwa bibi aende shule. "Simtoi shule, nampunguzia tu. La pili wanaimba a e i o u, atapitwa na nini?" Eti akifika la tano ndipo asome moja kwa moja.

Moyo wangu unakataa, ila nikibishana naye ananishinda, maana yeye aliishia la tatu na leo ana mitumbwi. Wiki ijayo anakuja mjini kununua nyavu. Naombeni hoja za kumpa.

Baba Wawili, Nyakato:
Dada, tuseme ukweli. Kuna madarasa watoto wanakaa chini, mwalimu mmoja hawezi hata kuwajua majina. Wangu yuko la tatu na kusoma bado anababaisha. Kaka yako naye anayaona hayo. Simtetei, lakini kama shule yenyewe ndiyo hii, wiki mbili zinapunguza nini?

Mwalimu Mstaafu, Nansio:
Mama, salamu kutoka Nansio. La kwanza na la pili ndiyo madarasa niliyoyafundisha karibu utumishi wangu wote. Niliingia kazini kijana mdogo, mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma, hapa hapa kwenye ziwa letu, ikaazimia watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, tukachukuliwa sisi tuliomaliza la saba, tukawa tunafundisha huku tunasomea ualimu.

Kaka yako amechagua kupunguza miaka isiyopunguzika. Kusoma kunajengwa siku kwa siku. Watoto wanaanza na irabu, wanaingia ba be bi bo bu, kisha wanafika kwenye mwa, mbwa, nywa, ng'o. Mtoto akiondoka wenzake wako kwenye "ma", akirudi giza limekwisha anawakuta kwenye "nywa". Hatasema hajaelewa. Ataanza kukariri. Nimewaona wengi: anatazama picha ya kuku, anatamka "kuku" kwa sauti kubwa, na kidole chake kiko kwenye neno "jogoo". Wenzake wanampigia makofi. Anafika hivyo hivyo hadi Upimaji wa darasa la nne, ambako karatasi haina mtu wa kumnong'oneza. Hapo ana miaka kumi, na anaona haya kurudi kwenye silabi na wadogo zake.

Hesabu nazo ni vivyo hivyo. Tulikuwa tunahesabia visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Mtoto anatoa visoda kumi kwenye fungu la mamoja, anaweka kimoja kwenye fungu la makumi. Wengi wanafanya hivyo muda mrefu bila kuelewa. Siku inapomwingia kwamba kile kimoja ni kumi, anageuka kukutazama, na kuanzia hapo unaweza kumfundisha kutoa kwa kukopa. Siku hiyo haipangwi. Inaweza kuangukia kwenye giza lolote.

Na shule ndiko anakokipata Kiswahili cha kujieleza mbele za watu, maana nyumbani ni Kikara au Kikerewe. Halafu kuna kichocho. Shuleni watoto wanapimwa urefu kwenye mti wenye alama, wanapewa vidonge kulingana na kimo. Mtoto wa kambini anashinda majini, na siku ya dawa hayupo. Kichocho kinamaliza damu, na mtoto asiye na damu anasinzia darasani, watu wanasema ni mzito wa kichwa.

Baba Wawili, umesema kweli kuhusu msongamano, na unaniuma hadi leo. Lakini mwalimu mwenye watoto tisini hana nafasi ya kumrudia aliyekosa. Ndiyo sababu huyu asikose.

Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa miaka saba aandikishwe na ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi. Ada ya shule ya msingi nayo ilifutwa 2001, na michango ya lazima ikaondolewa kuanzia Januari 2016. Sare na madaftari ndiyo yamebaki kwa mzazi. Usianze na sheria, mama, atakasirika. Ila aijue.

Nahodha wa Igombe:
Naongeza la kambini. Mtoto wa miaka minane hafundishwi uvuvi kule. Anaanika, anafukuza ndege, anachota maji. Halafu anaanza kupewa hela ndogo ndogo. Akishazoea hela, hiyo la tano anayoisema kaka yako haitafika.

Na mgao wa hela za mavuno ukipigwa, asiyejua hesabu anapokea anachopewa. Nina vijana wazuri sana wa kazi, nawasomea mimi ujumbe wa simu zao, mpaka ule wa hela walizotumiwa. Wananiamini, lakini si kila tajiri ni wa kuaminiwa.

Shangazi wa Mwaloni:
Shikamoo mwalimu. Ahsanteni wote. Nimefikiria hivi: kilio chake ni mikono ya kuanika, basi nitamwambia kibarua wa giza hili nitamlipa mimi, tukatane kwenye mzigo. Sitaki aondoke mjini na sababu hiyo. Ila mtoto ameshakosa giza lote lililopita. Aanzie wapi?

Mwalimu Mstaafu, Nansio:
Marahaba, mama. Wazo la kibarua ni zuri sana, tena mwambie mbele ya bibi.

Mtoto aende kwa mwalimu wake wa darasa na mtu mzima, asirudi peke yake kimya kimya. Mwombeni ampime kwa silabi zilizochanganywa, "lu", "pe", "dha", zisifuatane kama wimbo. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia, hata kama ni pa darasa la kwanza. Jioni asome kwa sauti, kidole kikitembea chini ya neno. Bibi asipojua kusoma si kitu, atakiona kidole kinaporuka. Kikiruka, amwambie arudie.

Ukishaongea na kaka yako, tupe majibu hapa.