Kwa nini sufuria ya kimea haifunikwi

Neema (Chumbageni): Shikamoo Mjomba, na nyote nawasalimu. Bia niliyopika mwezi uliopita tumeifungua jana, nayo inanuka mahindi ya kuchemsha. Nilitumia kimea cheupe cha shayiri, nikakichemsha saa nzima, lakini kwa kuwa gesi ilikaribia kwisha nilifunika sufuria muda wote.

Mjomba Elia (Lushoto): Marahaba, mpwa wangu. Mfuniko ndio uliokuponza. Kimea cheupe kina kitu ambacho kikipata moto hugeuka kuwa daimethaili salfaidi, na hiyo ndiyo harufu unayoisikia. Hutoka pamoja na mvuke. Ukifunika, mvuke hugeuka matone chini ya mfuniko, matone yakadondoka, na harufu ikarudi ilikotoka. Mimi kimea cha namna hiyo hukichemsha dakika 90, sufuria ikiwa wazi na maji yakitokota kwa nguvu.

Baba Mdogo (Pongwe): Shemeji, si tutapoteza maji mengi?

Mjomba Elia: Yatapungua, shemeji, kwa hiyo anza na lita 24 ili ubaki na 21 hivi. Sukari haiendi na mvuke. Neema, dakika za mwanzo usibanduke jikoni, maana povu hupanda ghafla likamwagika. Likishatulia, chota kidogo kwa kijiko: utaona vipande vyeupe vikielea kama maziwa yaliyokatika. Hiyo ni protini iliyogandishwa na moto, na ikituama chini bia huwa angavu. Hapo ndipo ninapotia hopsi, yaani maua makavu yanayoipa bia ladha na harufu, zile za uchungu, kwa sababu asidi zake zinahitaji takriban saa moja ya mchemko ili zigeuke na kuyeyuka vizuri. Zile za harufu nzuri zisubiri dakika tano za mwisho. Huku Lushoto milimani maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mimi huongeza hopsi kidogo. Ninyi wa pwani mna nyuzi 100 kamili.

Neema: Nilipozima moto niliiacha ipoe yenyewe hadi asubuhi.

Mjomba Elia: Hilo nalo lilichangia. Juu ya nyuzi 80 harufu ile huendelea kuzaliwa, ilhali mvuke wa kuitoa umekwisha. Weka sufuria kwenye beseni la maji yenye barafu, na ikishapoa ndipo uifunike, kwani moto wa kuua vijidudu haupo tena.

Shangazi Rehema (Chumbageni): Jumamosi nitakuletea beseni langu kubwa, Neema. Barafu nitaipitia kwa wauza samaki.