Ukigongwa nyuma ukaumia shingo: fidia ipangwe kwa jedwali au iachiwe hakimu?

Nauleta mjadala huu kwa sababu ajali zenyewe tunaziona kila siku kwenye Barabara ya Thika, ya Mombasa na kwingineko nchini Kenya. Foleni inasimama ghafla, au gari la mbele linapunguza mwendo kwenye tuta, na aliye nyuma alikuwa amelikaribia mno. Bampa inapinda, taa zinavunjika, watu wanashuka kukagua magari. Shingo za waliokuwa ndani hakuna anayeziuliza.

Swali ni hili: aliyeumia shingo katika ajali kama hiyo, fidia yake ipimwe na hakimu kesi kwa kesi kama ilivyo sasa, au iwekwe viwango vinavyojulikana mapema? Mimi sipingi viwango. Ninachopinga ni kukimbilia viwango kabla hatujakomesha mtindo wa kulipana palepale barabarani, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotezea haki yao.

Tuanze na jeraha lenyewe. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinausukuma mwili mbele ilhali kichwa bado hakijaondoka kilipokuwa. Shingo inanyooshwa kupita kiasi, kisha kichwa kinarushwa mbele. Mifupa inaweza kubaki salama kabisa. Kinachochanika ni misuli na kano, na eksirei haionyeshi misuli. Tena maumivu mara nyingi hayaji siku hiyo. Mtu analala vizuri, anaamka kesho yake hawezi kugeuza kichwa. Kwenye matatu nyingi ni mabaya zaidi, maana viti vina migongo mifupi isiyozuia kichwa chochote.

Jirani yangu aligongwa hivyo akiwa abiria. Dereva wa gari la nyuma alikuwa muungwana, akampa shilingi elfu mbili "za panadol", wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari kwamba yameisha. Hakwenda polisi. Siku mbili baadaye alikuwa hawezi kuinua beseni la nguo, na mazoezi ya viungo yakaendelea kwa miezi. Alipotafuta wakili, jambo la kwanza aliloulizwa ni ripoti ya polisi ile tunayoiita abstrakti. Hakuwa nayo. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza jeraha, hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ile karatasi, na ilimsaidia dereva, si yeye.

Sasa historia kidogo, kwa wasioifuata. Sheria ya bima ya magari dhidi ya hatari kwa watu wengine, Sura ya 405, inalazimisha kila gari liwe na bima ya kumlipa anayeumizwa, na wajibu wa kampuni ya bima una kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mwaka 2013 Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho yaliyoleta jedwali la fidia kulingana na jeraha. Chama cha mawakili kikaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikatangaza baadhi ya vifungu kuwa vinakiuka Katiba. Kwa hiyo tumebaki na hakimu anayelinganisha kesi yako na za nyuma zinazofanana nayo. Jeraha moja, mahakama mbili, viwango viwili.

Wanaotetea jedwali wana hoja nzito, na sitaki tuibeze. Kuna madai ya uongo: majina ya watu ambao hawakuwamo garini, ripoti za daktari zinazofanana neno kwa neno. Na shingo ndiyo rahisi kudanganyia, kwa kuwa hakuna picha ya kumsuta mtu. Madai hayo hayaumizi kampuni peke yake. Kampuni ikianguka, aliyeumia kweli anabaki na hukumu isiyo na mlipaji. Kampuni ya bima ya United Insurance ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na ya Blue Shield mwaka 2011, waathiriwa walikwama pamoja na wenye magari.

Lakini tazameni walivyofanya Uingereza na Wales, maana mfano huo hutajwa nusu nusu. Kuanzia tarehe 31 Mei 2021 wana viwango vya majeraha ya shingo yanayopona ndani ya miaka miwili: vilianzia pauni 240 kwa maumivu yasiyozidi miezi mitatu hadi pauni 4,215 kwa yanayokaribia miezi 24. Ni pesa kidogo sana ukilinganisha na zamani, na mawakili wa waathiriwa walilalamika kwa haki. Viwango vikapandishwa kwa karibu asilimia 15 mwaka 2025. Nusu isiyotajwa ni hii: sheria iliyoleta viwango hivyo, ya mwaka 2018, imepiga marufuku kumaliza dai la namna hiyo kabla ya kuwapo ripoti ya daktari. Kampuni haiwezi kukuwahi na pesa ya haraka kabla shingo yako haijapimwa. Marufuku hiyo humzuia mwongo na humlinda mwenye maumivu kwa wakati mmoja.

Hiyo ndiyo ningependa ianze kwetu. Makubaliano yoyote ya jeraha yaliyosainiwa kabla ya daktari kumwona mtu yasiwe na nguvu. Baada ya hapo, majeraha madogo yawekewe viwango, kwa sharti kwamba kampuni inalipa ndani ya muda maalumu na pesa inaingia kwenye akaunti ya aliyeumia mwenyewe. Majeraha makubwa yabaki kwa hakimu. Mtu ambaye shingo imemfanya ashindwe kazi yake ya kushona hawezi kupimwa kwa mstari mmoja wa jedwali.

Najua madereva watasema mbona mnatuona wakosaji kila mara. Hapana. Aliyegonga nyuma kwa kawaida ndiye anayebeba lawama kwa kutoacha nafasi, lakini kama aliyekuwa mbele alirudi nyuma, au hakuwa na taa za breki, au alisimama katikati ya barabara kubeba abiria, mahakama hugawanya lawama. Abiria hayupo kwenye ugomvi huo, na bado ndiye anayeambiwa angoje.

Na kwa aliyegongwa wiki hii: ripoti polisi, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima, tunza kila risiti, maana gharama usiyoithibitisha hulipwi. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu.

Nataka kusikia hasa kutoka kwa mawakili na wenye matatu: marufuku ya kulipana kabla ya daktari mnaipinga kwa sababu gani?