Nafunga kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya mzani? Naombeni ushauri

MamaWawili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Anayetaka kunikemea anikemee taratibu.

Nina miaka 34 na watoto wawili. Tangu nijifungue huyu wa pili, mwili wangu siuelewi. Nikipita mbele ya kioo nageuza uso. Nikaanza kufunga siku tatu kila wiki nikiiombea familia, na kanisani wakanisifu kwamba nina mzigo wa maombi. Sasa kichwa kinauma na usiku tumbo linawaka moto. Daktari kasema nina vidonda vya tumbo na damu imepungua, niache kufunga kwanza. Nikaitikia vizuri tu. Kesho yake nikafunga.

Juzi ndiyo nimeshtuka. Jioni wakati wa kufungua, kabla hata sijasema amina, nilikuwa nimeshapanda kwenye mzani. Namba haijashuka. Nikalia, na hayakuwa machozi ya maombi.

Paulo anasema "nautesa mwili wangu na kuutumikisha". Je, nikiacha si nitakuwa najidekeza?

Askari_wa_Msalaba
Dada, shetani hapendi wafungaji. Yesu alifunga siku 40. Mwili ni adui, ukiubembeleza unakupanda kichwani. Kaza!

NesiMstaafu
Askari, pole pole baba. Yesu alifunga zile siku 40, akaona njaa, na malaika wakaja kumtumikia. Sijasoma popote kwamba alirudia kila wiki akiwa na vidonda.

Mwanangu, kufunga si lazima ndiko kulikoleta vidonda. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na vingine na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Hicho kichwa kinachouma unakimezea nini? Mwambie daktari, maana pengine dawa hiyo ndiyo inayokuchoma. Kama ni bakteria, kuna dawa za kumwua, umalize dozi. Kidonda kinaweza pia kuvuja damu kidogo kidogo bila wewe kujua, kwa hiyo muulize kama ndiko inakopotelea. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au ukizimia, usingoje ibada iishe. Hospitali siku hiyo hiyo.

MwalimuWaNeno
Naomba niguse huo mstari, maana umewaumiza wengi.

Kiswahili kinatutega hapa. Kigiriki cha Paulo kina maneno mawili: *soma*, yaani mwili huu wa nyama na mifupa, na *sarks*, ambalo mara nyingi kwake ni ule utu wa kale unaompinga Mungu. Biblia yetu ya Union yote mawili huyaita "mwili". Basi tukisoma "matendo ya mwili" katika Wagalatia 5, tunadhani lawama ni ya tumbo na mapaja. Hebu pitia orodha yenyewe: uadui, wivu, hasira, fitina. Fitina inahitaji mapaja gani? Unaweza kukonda kabisa ukabaki na husuda yako yote.

1 Wakorintho 9:27 ni kweli inasema *soma*. Lakini soma kuanzia mstari wa 24. Paulo anazungumzia wakimbiaji na mabondia. Mwanamichezo hujinyima ili afike uwanjani akiwa na nguvu. Akijivunja mguu mazoezini, hakuna atakayemwita shujaa. Na Paulo huyo huyo, katika Wakolosai 2:23, anasema kuutawala mwili kwa ukali huonekana kama hekima lakini hakufai kitu kuzizuia tamaa. Wewe mwenyewe umeona: umefunga, na tamaa ya namba imezidi.

Tena usijilazimishe kuupenda mwili wako leo. Waefeso 5:29 inasema mtu "huulisha na kuutunza" mwili wake. Haikusema anausifia kwenye kioo. Anza na hayo mawili.

Kinubi
Mimi mwanaume, na mzani huo ninao. Nilidhani ni peke yangu. Asante dada.

ChiniYaMretemu
Elia alipochoka hadi akaomba afe (1 Wafalme 19), Mungu hakumpa mfungo wala mahubiri. Alilala, malaika akamgusa: inuka, ule. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Halafu ndipo akaenda siku 40 hadi Horebu, kwa nguvu za chakula hicho. Askari, siku 40 zako na hizo nazo uzihesabu.

Askari_wa_Msalaba
Hiyo ya Elia imenipata. Bado nasema kufunga kuna nguvu, ila mgonjwa amsikilize daktari. Dada, nisamehe kwa ile "kaza".

MamaWawili
Nimesamehe kaka. Mama Nesi, ndiyo, nameza ibuprofeni karibu kila siku, tena tumbo tupu. Kesho narudi kwa daktari nimweleze, na nimuulize na hiyo ya kuvuja.

Kiongozi wa maombi nimemwandikia kwamba nitaendelea kuomba ila sitafunga. Hajajibu, na kimya chake kinanitisha kuliko vidonda. Mzani nimempa mume wangu aufiche. Kauweka juu ya kabati, nikiwa kitandani nauona ukingo wake. Leo nimekula mchana, mara ya kwanza Jumatano tangu sijui lini. Nilijisikia mwizi hadi nusu ya sahani, halafu mtoto akaomba nimmegee.