Naomba ushauri: mwandishi hataki makala yake iguswe

Wakuu, nisaidieni. Nahariri lugha kwenye jarida dogo, na kuna mwandishi mmoja ana habari nzuri mno ila ukigusa makala yake ni ugomvi. Juzi kaandika "alishika karamu mkononi" akimaanisha kalamu. Kompyuta haikuona kosa, maana maneno yote mawili yapo. Hilo alikubali. Lakini nilipoigawa sentensi yake ya mistari sita zikawa tatu, alikuja juu, eti nimeua sauti yake. (Kweli, moja niliiharibu.)

Nyie mnafanyaje? Mnamrudishia nakala yenye alama za mabadiliko kabla haijaenda mtamboni, au mnamuuliza yale yanayogusa maana tu? Na muda ukiisha hajajibu, nani anaamua?